Helsinki na watoto mwezi Desemba: nje asubuhi, ndani giza likiingia

Mkienda Helsinki siku mbili tatu za Desemba, wekeni jambo moja tu la nje kwa siku, nalo lianze saa nne asubuhi. Katikati ya mwezi huo jua huchomoza kama saa tatu na dakika 20 na kuzama saa tisa na robo alasiri. Aliyezoea mchana wa saa 12 huamka bila haraka, anywe chai, ahangaike na buti za watoto, kisha akute nusu ya mwanga imeshakwenda. Boti ya kwenda Suomenlinna, kisiwa chenye ngome ya kale, hutoka Kauppatori, uwanja wa soko ulio bandarini, mwendo wa robo saa hivi, na tiketi ya kawaida ya tramu, kanda AB, inatosha. Walio chini ya miaka 7 hawalipi. Saa saba rudini, giza liwakute maktaba ya Oodi karibu na stesheni kuu: kuingia ni bure, vitabu vya watoto viko ghorofa ya juu kabisa. Mkifika tu, vueni jaketi na sweta. Ndani ni nyuzi 20 na ushei, na fulana iliyolowa jasho humgandisha mtoto mkitoka kuliko theluji yenyewe.

Mpango huharibika upepo wa bahari ukivuma: nyuzi 5 chini ya sifuri huuma kama 12, kwa hiyo kisiwa kiacheni. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Tarehe 6, Siku ya Uhuru wa Finland, hata maduka mengi.