Kombucha ya nyumbani: anza na chachu, utando utakuja wenyewe

Anayetaka kutengeneza kombucha, yaani chai tamu iliyochachushwa, kwa mara ya kwanza huhangaika kutafuta ule utando mnene unaoelea juu, unaoitwa skobi au mama. Mimi humwambia atafute kwanza chachu, yaani kombucha kuukuu, isiyotiwa kiungo chochote, iliyokaa mpaka ikawa kali kama siki. Humo ndimo wanamoishi hamira na bakteria tunaowategemea, na ukali wake ndio unaoilinda chai siku za mwanzo ingali tamu. Ukikosa utando, chachu nzuri itautengeneza. Ukikosa chachu, utando peke yake haukulindi.

Hatua ya 1: Chombo

Tafuta mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Sufuria ya alumini haifai, na vyungu vilivyong'arishwa viepuke, kwa sababu asidi inaweza kuvuta madini ya risasi yaliyomo kwenye mng'aro. Osha mtungi kwa sabuni na maji ya moto, kisha usuuze mpaka usisikie harufu ya sabuni kabisa.

Hatua ya 2: Chai

Kwa lita 2 za maji mimi hutumia gramu 140 za sukari nyeupe na gramu 12 hivi za majani ya chai ya kawaida, yasiyo na manukato wala mafuta ya kunukia. Chemsha maji, tia majani, funika kwa dakika 10 hadi 15, chuja, koroga sukari iyeyuke. Usiipunguze ukidhani unajali afya. Sukari hiyo ni chakula cha hamira, na sehemu yake italiwa kabla hujainywa.

Sasa acha ipoe, na ipoe kweli. Shika mtungi kwa viganja: ukihisi joto lolote, bado. Chai ya moto inaua chachu.

Hatua ya 3: Kutia chachu

Mimina mililita 300 za chachu, kisha utando kama unao. Ukizama au ukisimama wima, usijali.

Hapa ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa nabania chachu, natia vijiko vichache kwa mtungi mzima ili nyingine ninywe. Siku ya tano nikakuta madoa ya kijani yenye manyoya, nikamwaga kila kitu. Tangu hapo napima kwa karatasi za kupimia asidi: pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo ukali huwa mwingi, ikizidi 4.5 naongeza chachu kabla ya kufunika.

Funika kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ukifunge kwa mpira. Kitambaa chenye matundu makubwa hupitisha vijinzi, navyo hutaga mayai humo. Weka mtungi pasipopigwa na jua, penye joto la nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi.

Hatua ya 4: Kungoja na kuangalia

Siku ya tatu au ya nne, inama utazame juu ya chai kwa pembeni, mwanga ukiwa nyuma ya mtungi. Utaona ngozi nyembamba kama ya maziwa yaliyopoa. Huo ndio utando mpya. Chini yake huning'inia nyuzi za kahawia, ambazo ni hamira, na wengi huziogopa bure. Hamira hula sukari ikatoa pombe na gesi, kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa asidi ya siki.

Ukungu una sura yake: ni mkavu, una manyoya, unakaa juu ya utando, mweupe, wa kijani au mweusi. Ukiuona, mwaga chai pamoja na utando na chachu yote. Usikwangue ukaendelea.

Kuanzia siku ya saba onja. Ingiza mrija safi pembeni mwa utando, ziba juu kwa kidole, uutoe. Utamu na ukali vikikaa sawa ulimini, imeiva. Kwenye baridi hufika siku 14 au zaidi. Karatasi itasoma kati ya 2.5 na 3.5.

Hatua ya 5: Kutia kwenye chupa

Kabla ya kitu kingine, toa mililita 300 za chachu ya mtungi ujao. Inayobaki ijaze kwenye chupa nene zilizotengenezwa kwa vinywaji vya gesi, uache nafasi ya vidole viwili juu. Ukipenda tia vipande vya tangawizi au maji ya matunda kidogo. Ziache nje siku 2 au 3, kisha friji. Usizisahau nje, kwa sababu gesi ikizidi chupa hupasuka na vioo vinajeruhi.

Kuhusu tumbo

Mimi huhisi tumbo jepesi nikinywa baada ya mlo mzito. Lakini utafiti kwa binadamu bado ni mchache, na sitakuambia kuwa kombucha ni dawa. Anza na mililita 100 kwa siku, uone mwili unavyoipokea. Baadhi ya watu hujaa gesi au kupata kiungulia. Mwaka 1995 huko Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakiinywa kila siku waliugua vibaya na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kuwa kombucha ndiyo iliyosababisha, lakini tahadhari inafaa. Wajawazito, watoto wadogo, wagonjwa wa ini na wenye kinga dhaifu wasinywe. Anayejiepusha na kilevi ajue kuwa ya nyumbani inaweza kupita asilimia 0.5 ya pombe.

Siku ya kujaza chupa, mimi huwa nimeshapika chai ya mtungi unaofuata tangu asubuhi, ili chachu ikitoka huku iingie kule. Utando ukiwa mnene mno, bandua tabaka la chini, lile la zamani lenye rangi ya kahawia, ubaki na jipya.