Namna ya Kuandaa Msafara wa Baiskeli Tanga Bila Kuufunga Mji

Anayetaka kuwakusanya waendesha baiskeli mia mbili na kuwapitisha katikati ya Jiji la Tanga hana budi kwanza ajiulize anataka nani amwone, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua saa, njia na mpangilio wa msafara wake. Misafara ya aina hii, inayojulikana duniani kwa jina la Critical Mass, ilianzia San Francisco nchini Marekani mwezi Septemba 1992. Watu walikutana Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa ambayo wafanyakazi wanarudi nyumbani, wakaondoka pamoja bila kiongozi rasmi. Baadaye ikawa desturi kwamba wachache husimama mbele ya magari yanayotoka barabara za pembeni, hata taa ikiwa imewageukia wao nyekundu, ili kundi lisikatike. Shabaha ilikuwa kuonekana, maana katika miji ile waendesha baiskeli walikuwa wachache na barabara zilijengwa kana kwamba hawapo.

Tanga hali si hiyo. Muuza madafu, mwenye tenga la samaki, fundi mwashi mwenye ndoo na mwiko kwenye karia, mama wa baibui anayetoka sokoni, wote wako barabarani tangu alfajiri, na dereva wa daladala anawajua hata kwa majina. Wanachokosa ni nafasi ya kupita salama. Kwa hiyo msafara unaoziba makutano ya Tanga humwadhibu abiria wa daladala ambaye huenda nyumbani kwake ana baiskeli, huku mwenye uwezo wa kubadilisha barabara akiwa ofisini na hana habari. Msimamo wangu ni kwamba kero ya makusudi haitufai hapa. Wingi wenyewe unatufaa, ukiambatana na ombi moja linaloeleweka.

Wanaoutetea usumbufu wana hoja yao, nayo isipuuzwe. Julai 1997 polisi wa San Francisco walikamata watu zaidi ya 100 katika msafara mmoja, na Agosti 2004, kuelekea mkutano mkuu wa chama cha Republican, New York ilikamata zaidi ya 250. Vurugu hizo zililifanya suala la baiskeli lizungumzwe na watu ambao hawakuwahi kulifikiria. Hata hivyo, kilichozungumzwa sana kilikuwa ukamataji, na njia za baiskeli zilitajwa kwa nadra. Budapest walifuata mkondo mwingine: waliendesha baiskeli mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba, kwa njia iliyojulikana mapema, na Aprili 2008 walifika takribani 80,000, wakiwemo watoto na wazee. Familia haiji mahali inapotarajia virungu.

Hatua ya kwanza, basi, ni barua. Mwaka 2008 majaji wa House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua kwamba msafara wa kila mwezi wa London hauhitaji kutolewa taarifa polisi kwa kuwa umeshakuwa desturi. Sisi hatuna pa kujificha namna hiyo. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamtaka mwandaaji atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na madhumuni. Mimi ningeipeleka wiki mbili kabla, na nakala kwa mkuu wa usalama barabarani, kisha ningekwenda mwenyewe kuonana naye na kumwonyesha njia iliyochorwa kwenye karatasi. Askari aliyeshirikishwa mapema husimamisha magari kwenye makutano, na kazi hiyo ni yake. Mwendesha baiskeli anayejipa mamlaka ya kusimamisha lori anahatarisha maisha yake na jina la msafara mzima.

Njia ichaguliwe kwa kuangalia inamzuia nani. Kuanzia viwanja vya Tangamano na kupita barabara zenye namba za Ngamiani kuna faida kwamba mitaa imenyooka, imekatana kama mraba, na dereva aliyezuiwa mtaa mmoja huchepukia unaofuata. Kuelekea Raskazone mandhari ni mazuri, lakini njia ya huko inapita Hospitali ya Bombo, hivyo anayeichagua ahakikishe upande mmoja wa barabara uko wazi muda wote kwa gari la wagonjwa. Kuhusu muda, Ijumaa mchana iachwe kabisa kwa ajili ya swala, na jioni ina tatizo la giza, kwani baiskeli nyingi za Tanga hazina taa na jua la hapa huzama upesi. Jumamosi saa moja asubuhi inafaa: joto halijapanda, na soko limeshafunguka, kwa hiyo watazamaji wapo.

Mpangilio ndio unaoamua kama mji utafungwa au hautafungwa, na hapa hesabu husaidia kuliko hotuba. Chukulia kila jozi ya baiskeli inahitaji mita nne za barabara, pamoja na nafasi ya kushika breki. Baiskeli 200 zikienda mbili mbili zinakuwa mkia wa mita 400, na kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa mkia huo utachukua dakika mbili kupita makutano. Zikienda moja moja, mkia unafika mita 800 na dakika zinakuwa nne, kwa hiyo anayeamuru mstari mmoja kwa nia ya kuwapisha wengine anawachelewesha zaidi. Bora kuzigawa katika makundi ya ishirini ishirini. Kila kundi lina mita 40, linapita kwa sekunde 12, na likiacha nafasi ya mita mia moja nyuma yake, bajaji na daladala zinapata mahali pa kukatiza. Kila kundi liwe na mtu mmoja mwenye fulana ya kung'aa mbele na mwingine nyuma.

Mbele kabisa awekwe mwenye mzigo mzito. Muuza madafu akiongoza, hakuna atakayeachwa, na anayetazama kutoka kibarazani anaona kazi na riziki. Vijana wenye baiskeli za gia wakitangulia, baada ya mitaa mitatu msafara umekatika vipande na wazee wako nyuma wanahema. Wanaovaa baibui au kanga waambiwe mapema wakunje pindo au walifunge kwa mpira, maana likinaswa kwenye mnyororo breki hazisaidii. Fundi mmoja mwenye pampu, viraka na spana awe nyuma ya wote. Mwenye pancha asogee pembeni amsubiri, wenzake waendelee.

Siku mbili kabla, waandaaji wapitie vijiweni na kwenye vituo vya daladala wawaeleze madereva saa na njia. Kazi hii haina sifa na wengi huiruka, lakini dereva aliyeambiwa hupiga honi ya salamu, na asiyeambiwa hupiga ya matusi.

Lililobaki ni ombi, nalo liwe moja. Anayeomba njia za baiskeli mji mzima atajibiwa kwamba bajeti haitoshi. Mwandaaji aombe sehemu ya kuegesha baiskeli sokoni, au matuta mbele ya shule fulani, au bega la barabara lisawazishwe kwenye kipande kinachopimika. Aangalie pia barabara ni ya nani: mitaa ya mjini iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu kama ile ya kwenda Segera iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa hiyo barua iliyokosea mlango itakaa kwenye jalada miezi. Asubuhi ya msafara, watu wawili wakae mahali panapoombewa wahesabu baiskeli za kawaida zinazopita kwa saa moja, zisizo za msafara. Hesabu hiyo iambatanishwe na barua, nakala apewe diwani wa kata, na asiondoke hadi nakala yake mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa.