Jinsi ya kuitumia bustani ya mtaani kwako kwa ajili ya afya yako

Watu wengi wanaipita bustani ya mtaa kila siku wakienda kazini na hawajawahi kuikanyaga, halafu ukiwauliza wanakwambia hawana sehemu ya kufanyia mazoezi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, ngazi za ghorofa mbili tu nikifika juu nahema mpaka nashika ukuta, na siku nimepimwa presha daktari akarudia kupima mara ya pili bila kusema kitu, ndo nikajua mambo sio mazuri. Sasa nawaandikia namna ya kuanza.

Kwanza tafuta sehemu yenyewe. Usiwaze bustani kubwa yenye ziwa na maua, hata kiwanja chenye nyasi na miti kumi kinatosha, cha muhimu kiwe karibu maana cha mbali utaenda wiki moja tu basi. Kuna mtaalamu wa miti ya mijini anaitwa Cecil Konijnendijk ana kanuni yake ya 3-30-300, yaani kila mtu akiwa nyumbani aone angalau miti 3, matawi ya miti yafunike asilimia 30 ya mtaa wake, na bustani isiwe zaidi ya mita 300 kutoka kwake. Leo jioni vaa raba, washa saa ya simu, utembee mpaka kwenye kijani cha karibu uone ni dakika ngapi. Ukiona ni mbali, basi kiunganishe na safari zako, mfano unashuka kituo kimoja kabla halafu unamalizia kwa miguu chini ya miti.

Hapa naomba tuelewane, njia unayopita nayo ina maana. Ukifanya tizi unavuta hewa nyingi kuliko mtu aliyekaa, kwa hiyo ukikimbia kando ya barabara kuu yenye malori ule moshi wote ni wako. Ukihamia tu mtaa wa nyuma moshi unapungua sana, na ukiwa ndani ya bustani shika njia ya katikati, sio ile inayofuata uzio wa barabarani. Siku za joto nenda asubuhi mapema, na hata baadaye utaona chini ya miti kuna ubaridi, sio kivuli peke yake, majani yanatoa maji kama mvuke na hiyo inapoza hewa.

Haya, kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 ya nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 ni wastani wa dakika 60 kila siku. Ukisikia 150 usiogope, ni nusu saa siku 5, na zamani walikuwa wanataka kila kipande kisipungue dakika 10 ila siku hizi hilo sharti limetolewa, hata dakika 6 zinahesabika. Wastani maana yake unatembea huku unaweza kuongea ila ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Kama unaimba vizuri kabisa, ongeza mwendo.

Za misuli tumia benchi. Kaa ukingoni, kunja mikono kifuani, nyayo zote chini, simama bila kujisukuma na chochote halafu rudi kukaa polepole, usijiangushe. Mara 10, pumzika, rudia. Wazee wetu hili ndo lao hasa, miguu ikiwa na nguvu kuanguka kunapungua. Pushapu nazo anza umeegemea mgongo wa benchi, chini utashuka baadaye. Ila ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu simama hapohapo na umuone daktari, na kama una ugonjwa wa moyo muone kabla hujaanza.

Mtu atauliza, si nifanye tu ndani? Fanya, ndani pia ni mazoezi, lakini kijani kina kitu chake kwenye akili. Kwenye mji wa Philadelphia kule Marekani watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakachagua kwa bahati nasibu vipi vitengenezwe, wakazoa taka, wakapanda nyasi na miti michache, wakaweka uzio mfupi wa mbao, basi. Matokeo yakatoka 2018: majirani wa viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia wameshuka moyo walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na kule kusikoguswa. Hebu fikiria, hao hawakuambiwa wafanye mazoezi yoyote, wamebadilishiwa tu wanachokiona wakitoka nje! Kwa hiyo ukiwa bustanini simu weka mfukoni, angalia miti, sikiliza ndege, usitembee macho yako yapo kwenye skrini.

Tafuta na mwenzako wa kwenda naye, jirani au mtoto wako, mkubaliane saa maalum, maana siku ukiwa mvivu atakugongea mlango.

Na kama mtaani kwenu hakuna kijani kabisa, kiwanja kilichojaa taka hakikosekani. Ulizia mwenyewe ni nani, andikeni barua kwa serikali ya mtaa mkiwa wengi mkiomba ruhusa ya kusafisha, na mkiipata anzeni na kona moja tu, mzoe taka, mpande nyasi na miti miwili mitatu inayostahimili hali ya hewa ya kwenu, halafu mgawane zamu za kumwagilia kwa mwaka mzima wa kwanza, kwa sababu mti mchanga ukikosa maji miezi hiyo ya mwanzo mnaupoteza.