Unataka kuhama Dar uishi mji mdogo? Nenda kwanza mwezi wake mbaya

Kila ukikaa kwenye foleni ya Mbagala au Mbezi hukosi mtu pembeni anasema mimi hili jiji naliacha, natafuta kamji kadogo nilime bustani yangu nivute hewa. Sawa kabisa, watu wanahama na wanaishi vizuri tu. Shida ni kwamba wengi wanachagua mji kwa zile siku chache walizoenda Krismasi au Idi, kila mtu kavaa kapendeza, barabara kavu, kuku wanachinjwa, ndugu wote wamerudi na magari yao. Sasa huo sio mji, hiyo ni sikukuu. Mji unaupima mwezi ule wenyeji wenyewe wanalalamika, maana mwezi mzuri hata usipojiandaa utaishi.

Na kila mji unao mwezi wake. Tukuyu pale Rungwe ni mvua, kwa mwaka inapiga zaidi ya milimita 2,000 wakati Dodoma hata 700 kwa kawaida haifiki. Ukifika Tukuyu Agosti utaona kijani, migomba, chai, unasema hapa ndo peponi. Nenda Aprili. Suruali ya jinzi unaanika Jumatatu, Alhamisi bado kwenye mishono mbichi na imeshaanza kunuka uvundo, sare za watoto zinakaushwa usiku kwa jiko, viatu vya ngozi ukiviacha chini ya kitanda vinaota kuvu jeupe. Kuna watu hawajali kabisa hayo, kuna watu wanapata msongo wa mawazo kwa kukosa jua tu. Wewe uko upande gani? Hilo swali hulijibu ukiwa Sinza.

Lushoto kwenye mita kama 1,400 hivi, baridi yake ni Juni na Julai, Njombe na Mafinga ni zaidi ya hapo, huko sweta sio la fasheni. Usije ukaiga watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha wakalala, moshi wake huuoni na unaua. Pangani kinyume chake, Januari mpaka Machi joto na unyevu, shati linaganda mgongoni saa tatu asubuhi. Newala juu kule kwenye uwanda wa Makonde hali ya hewa tamu sana, ukisimama pale Shimo la Mungu hutaki kuondoka, ila maji ni kilio cha miaka mingi, kwahiyo wewe nenda mwisho wa kiangazi uone ndoo inauzwaje. Ukitaka kujua mwezi mbaya wa mji wowote usimuulize dalali, dalali kwake kila mji una miezi kumi na mbili mizuri. Muulize bodaboda na mama wa genge.

Kitu kingine watu hawakiangalii, mji mdogo sio lazima uwe umetulia. Iko miji ya barabarani na iko miji ya mwisho wa barabara. Chalinze, Mombo, Makambako, hiyo ni ya barabarani, malori usiku kucha, honi, baa haifungwi, wageni wanaingia wanatoka, chipsi saa nane usiku unapata. Kwa mfanyabiashara hapo ni dhahabu, Makambako una barabara kuu inayokwenda Mbeya, una njia panda ya Njombe na Songea, una stesheni ya TAZARA. Kwa mtu aliyekimbia kelele za Manzese atakua amehama na kelele zake. Sasa kutoka hapo Mombo ukipandisha milima kilomita 30 na kitu mpaka Lushoto, dunia nyingine kabisa, usiku unasikia vyura. Lakini na wewe ujue njia ni hiyo moja kwa wengi, ina makona na korongo, masika udongo ukiporomoka barabarani mnasubiri katapila. Pangani hivyo hivyo, mtu hapiti Pangani kwa bahati mbaya, mpaka awe anaenda. Kama kazi yako inakutaka Dar kila wiki basi mwisho wa barabara utakuchosha, bora uangalie sehemu kama Kilosa ambayo ina stesheni ya SGR, ile ya Dar mpaka Dodoma iliyoanza 2024, ingawa Kilosa nayo waulize habari za mto Mkondoa na mafuriko kabla hujapanga nyumba ya bondeni.

Tuje kwenye hela. Hapa watu wanajidanganya sana, "nitafungua duka". Aisee, kila aliyehama kabla yako alifungua duka. Kaa sokoni asubuhi nzima uangalie hela ya huu mji inatoka wapi na inaingia lini. Masasi, Newala, Tandahimba hela ni ya korosho, minada ikianza Oktoba mpaka kwenye mwaka mpya utaona pikipiki mpya, mabati, kila duka limejaa, halafu ukija mwezi wa sita mteja huyo huyo anakopa sabuni nusu mche. Mafinga ni mbao, wana msitu wa Sao Hill, kwahiyo mzunguko haukatiki hovyo. Karatu ni watalii wanaoenda Ngorongoro na vitunguu, na 2020 watalii walipokata mji mzima uliona. Sio kwamba sehemu yenye msimu ni mbaya, ila biashara yako ikae kwenye msimu huo au uwe na akiba ya kukuvusha. Wastaafu wenye pensheni na watu wanaofanya kazi kwa kompyuta wao wako huru zaidi, ila wa kompyuta asichukue nyumba kwa kuona minara mlimani. Ingia ndani ya chumba chenyewe utakachofanyia kazi, funga mlango, piga simu ya video saa mbili usiku wakati mji wote uko mtandaoni, na ujaribu laini mbili tofauti. Miji ya milimani unaweza kukuta barazani unapata vizuri, chumbani hupati kitu.

Maji na umeme usiulize, angalia. Ukiona kila nyumba ina simtanki kubwa na mifereji ya bati inaingia kwenye tanki, jua bomba linatoka linapojisikia. Ukiona madumu ya njano yamepangwa foleni kwenye kioski, hesabu yamefika mangapi. Ukiona jenereta nje ya saluni, nje ya duka la nyama, nje ya stationari, basi TANESCO wa pale mnajuana naye kabla hujahamia. Mwambie mwenye nyumba akuonyeshe LUKU kama ni yako peke yako au mnashea wapangaji watano, ugomvi wa umeme kwenye mji mdogo unadumu kuliko ndoa.

Hospitali: hapa kuna siri ambayo wenye wazee au magonjwa ya kudumu waishike. Tanzania baadhi ya hospitali nzito ziko kwenye vimiji ambavyo usingetegemea, kwa sababu wamisheni walijenga huko. Haydom kule Mbulu, Peramiho nje ya Songea, Ndanda karibu na Masasi, Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Kuishi jirani na sehemu kama hizo ni tofauti kabisa na kuishi mji mzuri wa picha ambao kituo cha afya kina panado na mseto. Fanya hivi, usiku saa tano muite bodaboda akupeleke mpaka hospitali ya karibu, uone kama anakubali, anataka shilingi ngapi, na mkifika kuna nani. Inaonekana kama uchizi lakini ni bora uufanye huo uchizi ukiwa mzima.

Sasa hili la maisha na misimamo ya mtu ndo kubwa kuliko yote na ndo linarudisha watu Dar. Mji mdogo unajulikana. Sio kwa ubaya, unajulikana tu. Utanunua kondomu duka la dawa na muuzaji ni shemeji wa mwenye nyumba wako. Ukilala mpaka saa nne watu wanajua. Mgeni wako akilala wanajua, na aliondoka saa ngapi. Wengine hiyo wanaipenda sana, mtoto wako akipotea sokoni analetwa nyumbani kabla hujaanza kumtafuta, ukiumwa jirani analeta uji. Huwezi kuchukua uji ukakataa macho, vinakuja pamoja. Dada anayeishi mwenyewe au kijana asiye na mke ajipime hapa kweli kweli, aende akaongee na wenzake wanaoishi pale hali hiyo hiyo, sio aulize wazee wa mtaa.

Halafu misiba. Dar ukituma elfu tano kwa simu umemaliza. Huko unatakiwa uonekane. Turubai limefungwa nyumba ya nne kutoka kwako, viti vya plastiki, kina mama wanachambua mchele, kina baba wako kwenye bao au wamekaa tu, na daftari la rambirambi linapita, mtu mmoja anaandika jina na kiasi, na baadae linasomwa. Hela ndogo sio aibu, jina kutokuwepo ndo linakumbukwa. Siku ukipata wewe la kukufika usishangae watu wachache. Kwahiyo kwenye bajeti yako ya mwezi weka fungu la michango, misiba, harusi, ujenzi wa darasa, mwenge, na uweke na muda pia, maana mchana wako mzima unaweza kuisha makaburini. Kama wewe ni mtu wa "mimi sipendi kuzoeana" binafsi ningekushauri ukae pembezoni ya mji wa kati kama Morogoro au Iringa, mjini kidogo unajificha, mji mdogo hujifichi.

Dini nayo iangalie bila kujifanya huioni. Pangani ni pwani ya Waislamu, Ramadhani mchana migahawa mingi inafunga na kula barabarani ni utovu wa adabu hata kama hufungi, kaptula fupi sokoni utaangaliwa. Nyanda za juu kusini Jumapili asubuhi mji wote uko kanisani na fundi uliyempigia hapokei. Kama bia yako ya jioni ni muhimu kwako, au swala ya alfajiri msikitini ni muhimu kwako, angalia iko umbali gani na nyumba unayotaka, na angalia pia baa iko umbali gani na kitanda chako, hayo mambo mawili usichanganye. Swali langu la kupimia ni hili: vitu gani vitatu huwezi kuishi bila hivyo, na vitatu gani huwezi kuishi navyo? Andika kwenye karatasi kabla hujaenda, ukishafika ukaona machweo akili inaharibika.

Shule sina mengi, kama una watoto wa English medium hesabu ziko ngapi na basi linapita wapi, basi. Ardhi na mimi nasema usinunue mwaka wa kwanza. Ukija kununua, kiwanja cha mjini kakiulizie ofisi ya ardhi ya halmashauri kama kimepimwa na kina hati ya nani, shamba la kijijini pitia serikali ya kijiji na kikao chao chenye muhtasari, sio karatasi ya mashahidi wawili mliyoandikiana baa.

Ukishachagua, nenda ukapange chumba na sebule, sio gesti ya karibu na stendi maana pale unaishi stendi, huishi mji. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali atataka yake ya mwezi mmoja juu, toa kama hesabu inakaa, ila panga uingie ule mwezi mbaya tuliosema, sio utoke kabla haujafika. Wiki ya kwanza nenda na kitambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine, na balozi msalimie. Vyombo vya Dar usibebe vyote, fuso la kuhamisha kabati la mbao za kubandika mpaka Mafinga ni kichekesho, watu watakuja kukuangalia. Beba godoro, jiko la gesi na mtungi, taa ya kuchaji, kitanda kichongeshe hukohuko, na ukimpa fundi kazi ya kwanza mtaani ndo unapata wa kukuambia nyumba ipi ina maji ya uhakika.