Kumpiga picha mwewe bila kutoka nyumbani

Watu wanadhani ndege wawindaji mpaka ufunge safari ya Mikumi, wakati mwewe yupo juu ya bati lako kila siku anapigia hesabu vifaranga. Mi nimeanzia uani kwetu hapa Dar na kitu cha kwanza unachohitaji wala sio kamera, ni masikio. Kuku mwenye vifaranga akibadilisha sauti ghafla na watoto wakakimbilia chini ya mbawa, we angalia juu, keshamwona kabla yako. Kunguru nao wakianza makelele wanamkimbiza mtu angani ujue ndo yeye, na hapo anajipindua, anazungusha mkia kama usukani, picha zake tamu kuliko akiwa anaelea tu.

Lenzi ya milimita 300 inatosha kuanzia, mwewe wa mjini hana woga. Shata, yaani kasi ya kupiga picha, weka 1/2000 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache oto, fokasi iwe ile inayomfuata ndege, kwenye Canon wanaiita AI Servo au Servo tu, Nikon na Sony ni AF-C. Mi picha zangu za mwanzo zote mwewe alitoka mweusi tii mpaka mshkaji akaniuliza we mbona unahangaika na kunguru!! Kumbe anga linawaka sana, kamera inapunguza mwanga yenyewe na ndege anabaki giza. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka +1 au hata zaidi, anga litaungua kidogo liwe jeupe tupu, sawa, ila mdomo wa njano na jicho utaviona. Jua liwe mgongoni kwako, kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, saa saba mchana lala tu.

Ukitaka za karibu kabisa kaa walipo wapaa samaki. Anashuka, anakwapua utumbo kwa kucha, halafu anainamisha kichwa anakula huko huko angani, kwa hiyo akishakwapua usishushe kamera, picha yenyewe iko sekunde chache mbele.

Ila usimtupie nyama ili aje, akizoea ataanza kupora mishkaki mikononi mwa watoto wa jirani na lawama zako. Kiota chake usikisogelee.

Wenye simu tu, achaneni na zumu, msubirini asubuhi akiwa ametua kwenye nguzo ya umeme, bandika kamera ya simu kwenye kioo cha darubini unapochungulia, mwanzoni utaona duara jeusi tu mpaka mkono uzoee.