Kuandaa faili la katuni la kuombea chuo

Idara za sanaa, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makerere kule Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, hufundisha sanaa kwa upana. Kwa hiyo faili lako, yaani mkusanyo wa kazi zako za kuchora, lionyeshe kwanza kwamba unajua kuchora watu, ndipo lionyeshe katuni.

Kazi 12 hadi 15 zinatosha, na nusu yake ziwe za kuchora kwa kutazama. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, omba ruhusa, mchore mpagazi kwa dakika mbili tu: mgongo ulivyopinda, mguu unaobeba uzito. Sura achana nayo. Nakala za katuni za Kijapani usiziweke kabisa. Hazimwambii mkaguzi lolote kukuhusu.

Kisha hadithi moja ya kurasa nne kwenye karatasi za A3, fremu (visanduku vya picha) tano au sita kila ukurasa, na nafasi ya milimita 5 kati ya fremu. Andika maneno kwa penseli kwanza, ndipo uchore viputo vya kuzungushia maneno hayo, na watu. Wengi hufanya kinyume, mwishowe kiputo kinamziba mtu uso. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, maana ukiwa mbichi ufutio utauburuza ukurasa mzima.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi) kazi za wino mtupu, 300 za rangi. Mashine nyingi za stesheneri ni za A4: skani nusu nusu, zipishane kidogo, uziunganishe kwenye kompyuta.