Namna ya kufuatilia korona inavyobadilika kwa kusoma jenomu, kuanzia sampuli mpaka mti

Watu wengi wakitaka kuanza kusikwensi virusi, yaani kusoma jenomu (mfuatano mzima wa herufi za urithi za kirusi), swali la kwanza ni mashine, wanunue ipi, bei gani. Mi nakwambia anza na fomu ya sampuli. Jenomu isiyo na tarehe na mahali haikwambii chochote kuhusu kirusi kinavyobadilika, ni msururu wa herufi tu. Kwa hiyo kabla hujafungua hata tyubu moja hakikisha kila sampuli ina tarehe iliyochukuliwa kwa mgonjwa (sio siku ilipofika maabara, wala siku uliyoisoma), ina kaunti au mkoa, na ina sababu ya kupimwa: ni msafiri, ni dereva wa lori mpakani, kalazwa, au ni mtu kaja kliniki na kikohozi. Tarehe andika mwaka kwanza, 2021-04-03, kwa sababu ukiandika 03/04/2021 alafu faili likafunguliwa kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Marekani, tarehe 3 Aprili inageuka kuwa tarehe 4 Machi kimyakimya na hakuna atakayeshtuka.

Hiyo safu ya sababu watu wanaiona ya ziada, lakini ndo itakayokuokoa baadaye wizara ikikuuliza aina fulani imefika asilimia ngapi. Asilimia inatoka kwenye sampuli zilizochukuliwa bila kuchagua. Zile ulizochagua kwa sababu PCR (kipimo kinachokuza vipande vya jenomu mpaka vionekane) ilionyesha kitu cha ajabu, au kwa sababu mtu katoka nchi fulani, zisome, ni muhimu sana, ila usizichanganye kwenye hesabu ya asilimia maana umeshazipendelea tangu mwanzo.

Ngapi zinatosha? Kuna hesabu ya haraka, gawanya 3 kwa kiwango unachotaka kukiona. Kama unataka uhakika wa asilimia 95 wa kunasa angalau sampuli moja ya aina iliyofika asilimia 2 ya maambukizi, unahitaji kama 150, kwa asilimia 5 kama 60, kwa asilimia 1 kama 300. Kwa hiyo mtu aliyesoma sampuli 20 akatangaza kwamba aina fulani haipo nchini, bado hajasema kitu. Na chagua zenye Ct (idadi ya mizunguko ya PCR mpaka kirusi kionekane) ya chini ya 30 hivi, juu ya hapo RNA, kemikali inayobeba herufi za kirusi, inakuwa kidogo na jenomu inatoka na matundu.

Sasa kazi ya mezani. SARS-CoV-2, yaani korona yenyewe, ni kirusi cha RNA, jenomu ya rejea ya Wuhan ina herufi 29,903. Timu ya Zhang Yongzhen wa China ndo iliyoisoma na Edward Holmes akaiweka hadharani mtandaoni Januari 2020, na ndo hiyo mpaka leo tunalinganishia. Unageuza RNA kuwa DNA kwanza, alafu unaikuza kwa PCR vipandevipande. Utaratibu uliotumika na maabara nyingi ni wa ARTIC, mtandao wa watafiti wa jenomu za virusi, vipande vya herufi kama 400 vinavyopishana kidogo, toleo la 3 lilikuwa na jozi 98 za prima (vijipande vya DNA vinavyoshika mwanzo na mwisho wa kila kipande ili kikuzwe). Jozi zinagawanywa kwenye tyubu mbili, za namba witwa kwao na za namba shufwa kwao, kwa sababu ukiziweka majirani pamoja zitakuza kale kasehemu kafupi wanakopishana badala ya kipande chenyewe. Baada ya hapo unaweka barkodi (alama ya DNA ya kuitambua) kwa kila sampuli, unapakia mashine. MinION, mashine ndogo ya kusoma jenomu, inatosha kabisa kuanzia, inashikika mkononi, na ilishafanya kazi hii Guinea mwaka 2015 wakati wa ebola ikiwa imebebwa kwenye masanduku ya safari. Kila mzigo (sampuli unazosoma pamoja) weka sampuli ya maji matupu na uipitishe hatua zote kama zingine. Maji yakitoa jenomu ya korona, mzigo mzima una mashaka, rudia, usijaribu kuokoa zile "zinazoonekana nzuri".

Hapa kwenye prima nataka tukae kidogo, ndo wengi wanapodanganywa na data yao wenyewe. Delta ilipoingia 2021 ilikuja na upungufu wa herufi 6 kwenye jeni la spaiki (protini inayochomoza juu ya kirusi), na huo upungufu uko palepale prima ya kulia ya kipande namba 72 cha toleo la 3 inapotakiwa kushika. Prima haishiki vizuri, kipande cha 72 kinapotea au kinatoka kidogo sana. Ndani ya kipande hicho kuna badiliko linaitwa G142D, maana yake nafasi ya 142 ya spaiki imegeuka kutoka G kuwa D. Sehemu hiyo ya 142 kipande cha 73 nacho kinaigusa, ila kinaigusa kwa prima yake ya kushoto, na prima ni DNA iliyotengenezwa kiwandani kwa kufuata jenomu ya Wuhan. Sasa usipozikata prima sawasawa kwenye kompyuta, programu inasoma ile prima inadhani ni kirusi, inakuandikia kwamba hapo hakuna badiliko. Ikawa Delta nyingi zinaonekana hazina G142D kumbe wanayo, na mtu akichora mti wa undugu wa virusi anaona badiliko linakuja linapotea linarudi, anaanza kutunga nadharia. Toleo la 4 la prima lilitoka katikati ya 2021 kurekebisha mambo kama haya. Kwa hiyo kanuni ni mbili, kata prima kila mara, na sehemu yoyote iliyosomwa chini ya mara 20 andika N, usiijazie herufi ya Wuhan. N maana yake hatukuona, herufi ya Wuhan maana yake tumeona na haijabadilika, hayo ni madai mawili tofauti kabisa.

Ukishapata jenomu ipeleke Nextclade, programu ya kukagua jenomu. Inafunguka kwenye brauza lakini hesabu zote zinafanyika kwenye kompyuta yako, data haiendi popote, na hilo ni zuri kwa wenye intaneti ya kusuasua na kwa wenye sampuli ambazo bado hazijaruhusiwa kutoka. Angalia zinazowaka nyekundu: N nyingi, herufi mchanganyiko (mara nyingi ni sampuli mbili zimemwagikiana), mabadiliko mengi yamejazana sehemu moja. Jina la ukoo unalipata kwa programu ya Pangolin, inayotumia utaratibu wa majina uitwao Pango. Majina ya Pango yanafuata uzazi, B.1.1.529 katoka kwa B.1.1, na jina likirefuka linafupishwa, ndo maana watoto wa B.1.1.529 wanaitwa BA.1, BA.2 na kuendelea. Herufi za Kigiriki WHO ilizileta 31 Mei 2021 ili watu waache kuita kirusi kwa jina la nchi ya watu, na ilifanya vizuri sana.

Kabla ya mti chora grafu moja rahisi, tarehe chini, idadi ya mabadiliko tangu Wuhan pembeni. Korona ilikuwa inaongeza kama mabadiliko mawili kwa mwezi, kwa hiyo nukta zinapanda kwa mstari. Nukta moja ikiruka peke yake, mfano sampuli ya "Machi 2020" yenye mabadiliko 50, hapo ni tarehe imekosewa, rudi kwenye fomu. Lakini kundi zima likikaa juu ya mstari, wote wanafanana na wametoka sehemu tofauti, usilifute! Alpha ilionekana hivyo, Omicron ndo zaidi, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye spaiki peke yake.

Mti wenyewe programu ya IQ-TREE inauchora, ya TreeTime inauwekea tarehe. Usichore na sampuli zako peke yake, weka na za majirani kutoka GISAID, hazina ya kimataifa ya jenomu, la sivyo kila kitu kitaonekana kimezaliwa kwako. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi walisoma sampuli za kaunti sita za Pwani ya Kenya, na kwa kuzilinganisha na za dunia waliona kirusi kiliingia mara nyingi tofauti, sio mara moja kikasambaa. Ila namba ya mara za kuingia unayoipata kwenye mti ichukulie ni ya chini kabisa, zile ambazo hukuzisoma hazimo.

Alafu kuna vitu ambavyo mti hausemi na watu wanaulazimisha useme. Jenomu mbili zinazofanana kabisa hazithibitishi kwamba huyu kamwambukiza yule. Maambukizi yanaruka mtu hadi mtu kwa siku chache, mabadiliko ni mawili kwa mwezi, kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuwa na jenomu moja. Na aliyeona kwanza sio aliyeanzisha. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliiona Omicron mapema kwa sababu walikuwa wanasoma, wakaitangaza bila kuficha, malipo yao yakawa kufungiwa ndege. Iliniuma na bado inaniuma, kwa hiyo ripoti yako iandike "imeonekana kwanza", kamwe usiandike "imetoka".

Kinachostahili macho yako zaidi ni badiliko linalojitokeza tena kwenye koo zisizo na undugu wa karibu. Uganda mwishoni mwa 2020 ukoo wa A.23.1 ulitawala, mzazi wake A.23 alikuwa ameonekana kwenye mlipuko wa magereza kaskazini, na A.23.1 ulikuwa na P681R kwenye spaiki. Delta, ambayo iko tawi lingine la mti, upande wa B kabisa, ikaja na P681R ileile. N501Y nayo ilijitokeza kivyake kwa Alpha, kwa Beta, kwa Gamma. Kirusi kikifika palepale kwa njia tofauti, kuna faida kinaipata pale.

Ukimaliza weka jenomu GISAID mapema, na tarehe na mkoa, bila jina la mgonjwa wala namba yake ya hospitali wala kijiji. RNA iliyobaki usiitupe, iweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku ukiona kitu cha ajabu kweli, toa tyubu ileile, rudia kuanzia mwanzo kwa prima za toleo lingine, na kikitoka tena vilevile ndo unampigia simu mwenzako wa maabara ya nchi jirani kumuuliza kama na yeye kakiona.